Nyufa zimerudi kwenye nyumba ya Mama: tuanzie wapi?

Msomaji mmoja aliyeko Dar es Salaam ameuliza hivi: "Nyumba ya Mama iko Missenyi, mkoani Kagera. Ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, mita 9 kwa 7, paa la bati. Tetemeko la 2016 liliiachia nyufa, tukapiga lipu na rangi. Sasa nyufa zimerudi palepale. Mwaka huu tunataka kuongeza vyumba viwili na kupandisha tangi la lita 2,000 juu ya ukuta wa jikoni. Fundi anasema hakuna tatizo. Jirani anasema tetemeko huja kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo tusubiri lipite kwanza. Tumsikilize nani? Na ukiacha nyumba, Mama ajiandae na nini kingine?"

Ndugu msomaji, nianze na la jirani kwa sababu ni fupi. Matetemeko hayana kalenda. Hakuna kifaa wala mtu awezaye kutaja siku, na anayedai kuwa na tarehe asisikilizwe. Kinachojulikana ni kwamba Kagera iko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na ukanda huo una historia yake. Rukwa, 13 Desemba 1910, palitokea tetemeko linalokadiriwa kufikia kipimo cha 7.4. Toro nchini Uganda, 20 Machi 1966, walikufa watu zaidi ya 150. Ziwa Tanganyika upande wa Kalemie, 5 Desemba 2005, kipimo kilikuwa 6.8. Bukavu na Rusizi, mpakani mwa Kongo na Rwanda, 3 Februari 2008, 5.9, ilikuwa Jumapili, na waumini waliangukiwa na kanisa wakiwa ndani.

Lile la kwenu la 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, nalo lilikuwa 5.9, chanzo chake karibu na Nsunga, kwenye kina cha takriban kilomita 40. Kipimo kikipanda kwa 1, nishati huongezeka kama mara 32. Kwa hesabu hiyo tetemeko la Rukwa lilibeba nishati karibu mara 180 ya lile lililoipasua nyumba ya Mama. Naitaja hesabu hii ili muone kwamba la 2016 lilikuwa la wastani, tena lilitokea chini sana. Hata hivyo Kagera ilizika watu wasiopungua 17, na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Waliokufa wengi waliangukiwa na kuta, na kuta ndizo tunazoweza kuzifanyia kitu. Kwa hiyo kusubiri "lipite kwanza" ni kumwacha Mama alale chini ya ukuta uleule uliokwisha kuonyesha ulipo udhaifu wake.

Tofali hubeba mzigo wa kutoka juu bila taabu, ndiyo maana nyumba imesimama miaka yote hii. Tetemeko huusukuma ukuta ubavuni, huku na huku, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Hapo panahitajika kitu cha kuzishika kuta zote nne ziende pamoja kama sanduku. Nyumba ya tofali na udongo isiyo na mkanda wa zege, yaani zege lenye nondo linalozizunguka kuta zote kwa juu, haina kitu hicho. Kila ukuta unayumba kivyake, na ule mrefu usiokatizwa na ukuta mwingine huanguka mapema, aghalabu kwa nje, ukiliacha paa bila pa kuegemea. Jaribuni hivi: pale lipu ilipobanduka, kwaruza kiungo kati ya tofali mbili kwa msumari. Ukizama kirahisi na kutoa vumbi kama unga wa muhogo, jueni tofali zimelaliana tu, hazijashikana.

Kabla ya kugusa chochote, zisomeni nyufa. Bandueni lipu kama sentimita 20 kila upande wa ufa, muone tofali zenyewe, kwa sababu lipu hudanganya. Ufa uliosimama wima kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini, maana yake kuta mbili zinaachana. Huo ndio wa kuogopwa kuliko yote. Nyufa zilizopishana kama herufi X kati ya dirisha na dirisha zinasema kipande hicho kilisukumwa hadi kikakatika, na sasa kinasimama kwa kuegemeana. Ufa uliolala chini ya paa, au kwenye kitako cha ile pembetatu ya tofali inayopanda kufuata mteremko wa bati, unaonyesha kuwa sehemu ya juu inacheza peke yake. Lakini ufa unaoanzia kwenye msingi, mpana chini, mara nyingi si wa tetemeko. Ni udongo uliotitia, pengine kwa maji ya mvua yanayodondoka miaka nenda rudi pembeni mwa ukuta kwa kukosa mfereji. Dawa yake ni kuyaondoa maji na kuimarisha msingi. Ukiutibu kama wa tetemeko, saruji itaenda bure na ufa utarudi.

Kisha pimeni. Ufa wa chini ya milimita 1 ni wa kuangaliwa tu. Wa milimita 1 hadi 5 hujazwa uji wa saruji baada ya kuoshwa vumbi. Unaozidi milimita 5 hushonwa kwa wavu wa chuma nitakaoueleza. Ukizidi sentimita 1, au timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) ikionyesha ukuta umelala zaidi ya sentimita 2.5 kwa kimo cha mita 2.5, msijaze kitu. Chumba hicho kihamwe na mhandisi aje aamue kama ukuta unabomolewa. Kwa nyufa zinazobaki, wekeni alama ya penseli kwenye ncha zote mbili na kuandika tarehe pembeni, na mjukuu apige picha kila mwezi akiwa ameweka sarafu kando ya ufa. Ufa unaorefuka bila ardhi kutikisika una ugonjwa wake huko chini.

Sasa mnaelewa kwa nini lipu yenu ilishindwa. Lipu ya sentimita 1.5 isiyo na chuma ndani ni ngozi; mfupa ukicheza, ngozi hupasuka tena palepale.

Kazi ianzie juu. Ile pembetatu ya tofali ni nyembamba, haijabanwa na kitu kwenye mteremko, na imekaa mahali ambapo nyumba huyumba zaidi. Ndiyo huanguka mapema, tena huangukia kitanda kama kitanda kimewekwa chini yake. Zishikilieni kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kwa miti, iteremsheni pembetatu safu kwa safu ya tofali hadi usawa wa kuta nyingine, kisha pazibwe kwa mbao na bati. Kama kuna fedha ya kazi moja tu mwaka huu, kwa maoni yangu iwe hii.

Kazi ya pili ni mkanda wa zege juu ya kuta zote, za nje na za ndani. Mafundi wengi wanaujua, ila huufanya nusu. Kwa nyumba yenu kuta za nje ni mita 32. Mkanda wa upana wa sentimita 23 na kimo cha sentimita 15 utakula zege la mita ya ujazo 1.1. Kwa uwiano wa saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4, hesabuni mifuko 7 hadi 8 ya kilo 50, nondo 12 za milimita 12 zenye urefu wa mita 12 kila moja, na ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga nondo pamoja) za milimita 6 kama 180. Kuta za ndani zitaongeza kwa kadiri ya urefu wake. Nondo 4 zipite ndani ya mkanda, ringi kila sentimita 20, na kila sentimita 10 zikikaribia kona.

Sehemu ya kusimamia kwa macho yenu ni kona. Fundi mwenye haraka hukata nondo kwenye kona akaanza nyingine upande wa pili, na hapo mkanda unakuwa fimbo nne zilizolala juu ya kuta nne, hazishikani. Nondo lazima ipinde kona na kuingia sentimita 60 kwenye ukuta wa pili, na kila maungio yapishane sentimita 60. Ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege, zisiachwe wazi pembeni, kwa sababu ringi ya namna hiyo hufunguka mtikisiko ukija. Nondo zinyanyuliwe sentimita 2.5 juu ya tofali kwa vipande vidogo vya zege. Zikilala juu ya tofali zitashika kutu. Maji yasizidi: zege la kumiminika kama uji ni rahisi kumwaga lakini hukauka likiwa na matundu. Na limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, likiwa limefunikwa kwa majani ya migomba au magunia. Msilisahau paa: kabla zege halijakauka, zamisheni vipande vya nondo au waya mnene vya kufungia kila kenchi.

Kama fedha ya kufungua paa lote haipo, au hata mkanda wa juu ukiwepo, funga ukuta kwa bandeji usawa wa juu ya milango na madirisha. Kwaruzeni viungo kina cha sentimita 1.5 hadi 2, osheni vumbi, kisha bandikeni wavu wa chuma uliochomelewa wenye upana wa sentimita 30, ndani na nje ya ukuta, kuizunguka nyumba nzima bila kukatika. Kila sentimita 40 tobolewe tundu na waya wa milimita 3 upite kuunganisha wavu wa ndani na wa nje. Bila waya hizo, kila wavu utabanduka kivyake na tofali zitabaki huru katikati. Juu yake piga lipu ya saruji 1 kwa mchanga 3, unene wa sentimita 3. Kwa kuta zenu za nje ni mita 64 za wavu ukihesabu pande zote mbili, na mifuko 6 hadi 7 ya saruji. Waya wa banda la kuku hautoshi kwa kazi hii, ni mwembamba mno. Kwenye kona zenye ufa wima, wavu huohuo upandishwe toka chini hadi juu, ukikunja kona kwa sentimita 30 kila upande.

Vyumba viwili mnavyotaka kuongeza visishikamane na nyumba ya zamani. Najua ukuta mmoja wa pamoja hupunguza gharama, lakini nyumba nzito ya udongo na nyumba mpya ya saruji haziyumbi kwa mwendo mmoja. Zikiunganishwa hupasuka kwenye maungio, zikigusana bila kuunganishwa hugongana. Acheni nafasi ya sentimita 5, ifunikwe juu kwa bati lililokunjwa. Vyumba vipya viwe na msingi wake, saruji 1 kwa mchanga 5 kati ya tofali, nguzo ya zege kila kona na kila kuta zinapokutana, umbali usizidi mita 4. Ukuta ujengwe kwanza, tofali za mwisho zikiachwa kama meno, ndipo nguzo imiminwe katikati ya meno hayo. Ikimiminwa kabla, ukuta hautaishika. Dirisha likae angalau sentimita 60 kutoka kona, na upana wa madirisha na milango ya ukuta mmoja, vikijumlishwa, usizidi nusu ya urefu wa ukuta huo.

Kuhusu tangi, hapana. Lita 2,000 za maji ni tani 2, na mnataka kuziweka kichwani mwa ukuta wa udongo. Uzito ulioko juu ndio unaovuta ukuta wakati wa kuyumba. Tangi likae chini, juu ya jukwaa la mawe na zege lisilozidi kimo cha goti, mita chache kutoka ukutani. Fundi wenu huenda ni hodari; tangi la namna hiyo husimama vizuri kabisa siku zote ambazo ardhi imetulia, kwa hiyo hajawahi kuona kosa lake. Kwa ushauri wa bei nafuu kuna mhandisi wa halmashauri.

Sasa la Mama mwenyewe. Leo hii, kabla ya mfuko wowote wa saruji, kitanda chake kitolewe chini ya ukuta wa pembetatu na mbali na kabati refu, kihamie kwenye ukuta wa ndani ulio mfupi. Viatu na tochi vikae chini ya kitanda, kwa sababu usiku wa tetemeko umeme hukatika na sakafu hujaa vioo. Ardhi ikitikisika: kama mlango wa nje uko hatua tatu au nne na nje ni peupe, atoke, asogee mbali na ukuta kwa umbali unaozidi kimo cha ukuta huo. Kama mlango uko mbali au miguu haimruhusu, ashuke chini kando ya kitanda au chini ya meza imara, akinge kichwa na shingo kwa mikono na mto. Kusimama kwenye fremu ya mlango hakumkingi na lolote katika nyumba ya udongo. Walio kwenye ghorofa wao wasikimbilie ngazi. Mtikisiko ukikoma, azime jiko, afunge gesi, ashushe swichi kuu.

Asirudi ndani mara moja kuchukua kitu. Mitetemo ya baadaye huja, na ule mkubwa kati yake kwa kawaida huwa pungufu ya tetemeko kuu kwa kipimo 1.2 hivi, baada ya 5.9 tegemeeni hata 4.7. Huo unatosha kuuangusha ukuta uliokwisha kulegea. Idadi yake hupungua haraka: siku ya pili kama nusu ya siku ya kwanza, siku ya kumi kama moja ya kumi. Kwa hiyo siku za kulala nje zisizoepukika ni zile za mwanzo, na turubai la mita 4 kwa 6 lenye kamba lililohifadhiwa nje ya nyumba, bandani, lina thamani kubwa siku hizo. La 2016 lilikuja mvua za vuli zikikaribia, na familia zilizokuwa chini ya maturubai zilinyeshewa.

Kinachofuata ukuta ndicho kinachochukua miezi, na hapa ndipo naona jamii nyingi hazijiandai. Mwanzoni choo cha shimo huonekana jambo dogo kuliko nyumba, lakini sakafu yake ikipasuka au shimo likibomoka pembeni, familia na wageni waliokimbilia kwenu hujisaidia migombani. Mvua ikinyesha, uchafu huo unaelekea chemchemi. Chimbeni cha muda siku hiyohiyo, mita 30 au zaidi kutoka kisima, upande wa chini ya mteremko, na kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Chemchemi zenyewe mara nyingi hutoa maji ya tope kwa siku kadhaa baada ya mtikisiko, na nyingine hupungua. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemke kweli kweli, yakitoa mapovu kwa dakika nzima. Kiwango cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga pamoja. Tangi lenu la chini likiwa zima lingewatosha watu 10 kwa karibu siku 13. Hiyo ni sababu nyingine ya kuliweka chini.

Shule ni mnyororo mwingine. Mwaka 2016 sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa ubovu wa majengo, na ilikuwa Septemba, miezi miwili tu kabla ya msimu wa mtihani wa kidato cha nne. Mtoto anayekosa darasa hubaki nyumbani kusafisha tofali. Kisha bei: saruji, bati na mafundi hupanda kwa pamoja, maana kila mtu anajenga wiki ileile, na hapo watu hukopa kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa kwa ajili ya nyumba, mkopo uliokuwa wa ada au wa biashara. Wengine hurudisha tofali zilezile kwa udongo uleule kwa kukosa subira. Wanaochoma tofali mpya hukata miti ya mlimani, na mlima ukibaki uchi mvua huushusha. Bora kujenga kibanda kizuri cha miti na bati, Mama akae humo miezi sita, kuliko kuisimamisha upya nyumba iliyokwisha kumkosakosa.

Na msimshinikize ahame kibanja. Huenda mume na wakwe zake wamezikwa hapo, na mzee aliyeng'olewa kwenye makaburi yake hudhoofika kwa namna ambayo zege haliwezi kuitibu. Mahali salama patafutwe ndani ya kibanja hichohicho: mbali na ukingo wa mteremko, mbali na mawe yaliyoning'inia, na si kwenye bonde lenye maji, kwa kuwa udongo laini uliolowa huukuza mtikisiko.

Jambo ambalo wajane hulikosa mno ni kumbukumbu. Misaada ikija hupitia kwenye orodha ya mwenyekiti wa kitongoji, na nyumba ambayo wenyewe wako mjini au imeandikwa kwa jina la marehemu hurukwa. Pigeni picha sasa, nyumba ikiwa imesimama: pande nne, kila chumba, choo, na Mama akiwa amesimama mlangoni. Hifadhini kwenye simu tatu tofauti pamoja na nakala ya kitambulisho chake na karatasi yoyote ya kibanja. Mwenyekiti ajulishwe mapema kwamba nyumba ina mtu.

Kwa ratiba, Kagera miezi mikavu ni Juni hadi Agosti. Pembetatu iteremshwe mwanzoni mwa Juni, mkanda na bandeji zifuate mwezi huohuo na wa Julai, nguzo za vyumba vipya baada ya hapo. Lipu na rangi vije Agosti mwishoni, alama za penseli zikiwa zimekaa miezi miwili bila kupitwa na ufa.